Maisha ya Cyril Kornbluth: Kutoka Chama cha Mashabiki hadi Tashtiti ya Jamii

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa mahali mwandishi anapofunzwa kazi yake, aghalabu atataja darasa, maktaba au warsha ya uandishi. Ni nadra kumsikia akitaja chama cha vijana wanaokutana katika vyumba vya kupanga, wakabishana hadi usiku wa manane, wakachapa jarida lao kwa mashine ya kurudufishia na kulisambaza kwa wasomaji wachache. Hata hivyo, Cyril Kornbluth, mmoja wa waandishi wa Marekani walioiingiza tashtiti kali katika bunilizi ya kisayansi, alifunzwa mahali kama hapo. Aliingia chamani akiwa mvulana, akapata humo marafiki, wahariri na ushirikiano wa kiuandishi uliodumu hadi kifo chake.

Kwa bunilizi ya kisayansi tunakusudia hadithi na riwaya zinazojengwa juu ya mabadiliko ya sayansi na teknolojia, ya kweli au ya kubuniwa, ili kuuliza binadamu ataishi vipi chini ya mabadiliko hayo. Utanzu huu ulidharauliwa sana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ukahesabiwa kuwa burudani ya watoto. Makala haya yanasimulia maisha ya Kornbluth kwa lengo mahususi: kuonyesha jinsi shabiki alivyogeuka mhakiki wa jamii, na kuuliza ikiwa mhakiki huyo aliwatendea haki watu aliowaandika.

Kuzaliwa na mazingira

Kornbluth alizaliwa tarehe 2 Julai 1923 katika jiji la New York, akalelewa katika mtaa wa Inwood ulioko kaskazini mwa Manhattan. Ukoo wake ulikuwa wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya Mashariki. Alikuwa na umri wa miaka sita tu soko la hisa la New York lilipoporomoka mnamo Oktoba 1929. Basi utoto wake wote ulipita katika miaka ya Mdororo Mkuu wa Uchumi, wakati viwanda vilipofungwa na mamilioni ya watu kukosa ajira. Kijana wa aina yake hakuhitaji kufundishwa darasani kwamba mfumo wa uchumi unaweza kumtupa mtu nje. Aliyaona hayo mitaani.

Burudani ya bei nafuu kwa vijana wa wakati huo ilikuwa majarida ya hadithi yaliyochapwa kwenye karatasi duni na kuuzwa kwa senti chache. Miongoni mwa hayo lilikuwamo Amazing Stories, lililoanzishwa na Hugo Gernsback mwaka 1926, ambalo ndilo jarida la kwanza la Kiingereza lililojishughulisha na bunilizi ya kisayansi pekee. Gernsback alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Jambo hili dogo lilikuwa na matokeo makubwa. Wasomaji walianza kuandikiana wao kwa wao, kisha wakatembeleana, kisha wakaunda vyama. Kufikia mwaka 1934 Gernsback mwenyewe alianzisha shirikisho la vyama hivyo kupitia jarida lake jingine, Wonder Stories. Ushabiki ukawa jamii yenye magazeti, viongozi na, kama ilivyo desturi ya vyama, magomvi yake.

Vijana waliofungiwa mlango

Mnamo Septemba 1938 kundi la vijana wa New York liliunda chama kilichojulikana kama Futurians, jina linalodokeza watu wa mustakabali. Miongoni mwao walikuwamo Donald Wollheim, John Michel, Robert Lowndes, Frederik Pohl na Isaac Asimov. Baadaye walijiunga nao Damon Knight, James Blish na Judith Merril. Kornbluth alikuwa miongoni mwa wadogo zaidi, lakini marafiki zake waliosimulia habari zake baadaye wote wanamkumbuka kwa wepesi wa akili na ukali wa ulimi.

Futurians walitofautiana na mashabiki wengi kwa jambo moja. Baadhi yao walikuwa wafuasi wa siasa za mrengo wa kushoto, na Michel na Wollheim walishikilia kwamba shabiki wa bunilizi ya kisayansi hana budi kuwa na msimamo kuhusu ufashisti, vita na umaskini. Kwa maoni yao, mtu hawezi kuota mustakabali akakataa kuuliza ni nani atakayeumiliki. Mashabiki wengine, wakiongozwa na akina Sam Moskowitz, waliona siasa hizo kuwa uchochezi unaoharibu starehe ya kusoma.

Mgogoro huo ulifikia kilele katika kongamano la kwanza la dunia la bunilizi ya kisayansi, lililofunguliwa New York tarehe 2 Julai 1939. Waandalizi walihofia kwamba Futurians wangevuruga mkutano, hasa baada ya kupatikana kwa vijitabu vilivyowakosoa. Wanachama sita wakazuiwa kuingia: Wollheim, Pohl, Michel, Lowndes, Jack Gillespie na Kornbluth. Asimov, ambaye pia alikuwa mwanachama, aliruhusiwa kupita. Siku hiyo Kornbluth alikuwa akitimiza miaka kumi na sita. Yule aliyezuiwa mlangoni kama mkorofi angekuja kuwa mmoja wa waandishi mashuhuri wa utanzu ule ule uliokuwa ukiadhimishwa ndani ya ukumbi.

Mwandishi mwenye majina mengi

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Kornbluth alikunjwa na chama chake mapema. Mwaka 1939 kisa chake kifupi mno, The Rocket of 1955, kilitolewa katika jarida la mashabiki. Kinahusu matapeli wanaouchangisha umma fedha kwa ajili ya roketi ya uongo. Tayari tunaona hapa dhamira ambayo haingemwacha tena: sayansi yenyewe si hatari kama ulimi wa anayeiuza.

Mwishoni mwa mwaka 1939 Pohl, akiwa kijana asiyezidi miaka ishirini, alipata kazi ya kuhariri majarida mawili, Astonishing Stories na Super Science Stories. Kiwango cha malipo kilikuwa nusu senti kwa neno. Wollheim naye alianza kuhariri Stirring Science Stories na Cosmic Stories mwaka 1941, akiwa hana bajeti ya kuwalipa waandishi mwanzoni. Wahariri hawa waligeukia wenzao wa chamani, na Kornbluth akawa nguzo yao. Aliandika peke yake na kwa kushirikiana na wengine, akitumia lakabu kama vile Cecil Corwin, S. D. Gottesman na Kenneth Falconer. Toleo moja la jarida liliweza kubeba hadithi zake kadhaa, kila moja ikiwa na jina tofauti, msomaji asijue kwamba zote zilitoka katika mashine moja ya chapa.

Si hadithi zote hizo zilizokuwa bora. Nyingi ziliandikwa kwa haraka ili kujaza kurasa. Lakini umuhimu wake u katika mafunzo. Mwandishi wa miaka kumi na saba alijaribu sauti mbalimbali, akaona kazi zake zikichapwa na kukosolewa papo hapo na wenzake ambao hawakuwa na haya wala huruma. Mhakiki anayetafuta chimbuko la ufupi na wepesi wa nathari yake ya baadaye ataupata katika miaka hii miwili.

Vitani na baada ya vita

Vita Vikuu vya Pili vilikatiza kazi hiyo. Kornbluth aliandikishwa jeshini, akawekwa kwanza katika mpango wa kuwasomesha askari wenye vipawa. Mpango huo ulipovunjwa, alipelekwa katika kikosi cha askari wa miguu barani Ulaya, akawa mmoja wa wahudumu wa bunduki nzito ya rashasha. Alishiriki mapigano makali ya msitu wa Ardennes yaliyoanza Desemba 1944, katika majira ya baridi kali, Wajerumani walipofanya shambulio lao kubwa la mwisho upande wa magharibi. Alitunukiwa Nishani ya Nyota ya Shaba. Marafiki zake, Pohl akiwa mmoja wao, walishikilia kwamba kubeba silaha ile nzito katika theluji ndiko kulikouharibu moyo wake.

Aliporejea alinufaika na sheria iliyowalipia karo wanajeshi waliotoka vitani, akajiunga na Chuo Kikuu cha Chicago. Sambamba na masomo alifanya kazi katika shirika la habari lililosambaza taarifa kwa vituo vya redio. Alikuwa amekwisha kumwoa Mary Byers, msichana wa Ohio aliyekuwa naye shabiki wa bunilizi ya kisayansi, na baadaye wakajaliwa watoto wawili wa kiume. Kwa miaka kadhaa alikuwa kimya katika utanzu wake wa ujanani. Hata hivyo, chumba cha habari kilimpa alichokikosa awali: tajriba ya kuona jinsi habari zinavyotengenezwa, zinavyokatwa na zinavyouzwa.

Miaka ya mavuno

Mnamo Julai 1950 jarida la Astounding lilichapisha The Little Black Bag. Mhusika mkuu ni daktari mlevi aliyenyang'anywa leseni, anayeokota mkoba wa vifaa vya tiba uliopotea kutoka karne za mbeleni. Vifaa hivyo vimebuniwa ili hata mjinga aweze kuvitumia. Daktari anaanza kuponya watu na kuurejesha utu wake, huku msaidizi wake, msichana aitwaye Angie, akiona ndani ya mkoba huo njia ya kujitajirisha. Tamaa inazaa mauaji, na mauaji yanawafanya wasimamizi wa siku za mbeleni waizime nguvu ya vifaa hivyo wakati Angie anapojidunga kisu mbele ya mteja ili kuthibitisha kwamba hakidhuru. Hadithi hii ilichaguliwa na waandishi wenzake kuingia katika mkusanyiko wa The Science Fiction Hall of Fame uliotoka mwaka 1970.

Mwaka 1951 aliacha kazi ya habari ili aishi kwa kalamu. Pohl, aliyekuwa amefanya kazi katika matangazo ya biashara, alikuwa na mswada wa riwaya ulioanza vizuri kisha ukakwama. Alimkabidhi Kornbluth, wakaukamilisha pamoja. Njia yao ya kuandika ilikuwa ya kupokezana: mmoja aliandika kurasa nne, akamwachia mwenzake kiti, naye akaendeleza pale pale. Riwaya hiyo ilitolewa kwa mfululizo katika jarida la Galaxy mwaka 1952, ikatoka kama kitabu mwaka 1953 kwa jina la The Space Merchants, yaani wachuuzi wa angani.

Katika riwaya hii dunia imejaa watu hadi wengine hukodi ngazi za majengo ya ofisi ili walale usiku. Mafuta yameadimika. Maseneta huwakilisha makampuni badala ya majimbo. Msimulizi, Mitchell Courtenay, ni mwandishi wa matangazo anayepewa jukumu la kuwashawishi watu wahamie Zuhura, sayari isiyokalika. Fitina inamtupa kutoka ghorofani hadi shambani, ambako anakuwa kibarua asiye na jina. Hapo anagundua kwamba chakula anachokopeshwa na duka la kampuni kinamfunga kwa deni lisilolipika, na kwamba vinywaji alivyokuwa akivisifu vimetiwa dawa ya kumfanya mnywaji asiweze kuviacha. Mtego wa kifani ni kwamba msimulizi anauamini mfumo huo kwa dhati. Kejeli inatokana na pengo lililopo kati ya anachokisifu na anachokiona msomaji. Mwanafunzi anayetaka kueleza dhana ya msimulizi asiyetegemeka atapata hapa mfano mzuri.

Wawili hao waliandika pamoja riwaya nyingine, zikiwamo Search the Sky ya mwaka 1954 na Gladiator-at-Law ya mwaka 1955. Kwa kushirikiana na Judith Merril, chini ya lakabu ya Cyril Judd, alitoa riwaya mbili, na peke yake akatoa Takeoff, The Syndic na Not This August. Kila mshirika mkuu aliyetajwa hapa alitoka katika chama kile cha ujanani.

Doa katika kazi yake

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nasi tunapompa Kornbluth haki yake hatuna budi kuitazama hadithi yake mashuhuri kuliko zote, The Marching Morons, iliyotoka mnamo Aprili 1951. Dalali wa nyumba na mashamba anazinduka baada ya karne nyingi za usingizi. Anakuta dunia ya watu bilioni tano wenye akili duni kabisa, wakihudumiwa kwa siri na werevu wachache waliochoka. Chanzo cha hali hiyo, kwa mujibu wa hadithi, ni kwamba werevu walizaa watoto wachache na wajinga wakazaa wengi. Dalali anawauzia werevu mpango wa kuwaangamiza walio wengi kwa kuwahadaa kwamba wanahamishiwa Zuhura, na mwishowe yeye mwenyewe anapakiwa katika chombo kile kile cha kifo.

Wapo wanaoitetea hadithi hii kwa kusema kwamba inalaani mauaji ya halaiki. Hoja hiyo ina uzito. Mwandishi alikuwa Myahudi aliyepigana na Wanazi, na mpango wa dalali unaiga hila za Wanazi waziwazi. Lakini msingi wa kisa unabaki pale pale: kwamba umati wa watu ni wapumbavu kwa kuzaliwa. Wazo hili lilikuwa na wafuasi wengi nchini Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na lilitumika kuhalalisha sheria za kuwafunga uzazi watu wasiopenda. Isitoshe, utafiti umelikanusha. Alama za wastani katika majaribio ya akili zilipanda, wala hazikushuka, katika nchi nyingi katika karne hiyo. Hapa Kenya, ulinganisho wa watoto wa Embu waliopimwa mwaka 1984 na wale waliopimwa mwaka 1998 ulionyesha ongezeko kubwa. Lishe, elimu na mazingira hubadilisha alama hizo kwa kasi ambayo urithi wa damu hauwezi kuieleza.

Hapa ndipo penye mvutano mkubwa katika maisha ya mwandishi huyu. Katika The Space Merchants watu wanahadaiwa kwa sababu wamenyimwa habari na kufungwa kwa madeni. Katika The Marching Morons wanahadaiwa kwa sababu ni wajinga. Riwaya inaulaumu mfumo, hadithi inawalaumu wahasiriwa. Kalamu ile ile iliandika zote mbili kwa muda usiozidi miaka miwili. Tashtiti ni silaha yenye makali pande mbili: ikielekezwa juu huwafichua wenye nguvu, ikielekezwa chini huwa dharau tu, hata msomaji akicheka.

Mhadhara na kifo

Mapema mwaka 1957 Kornbluth alialikwa kutoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Chicago, katika mfululizo uliowashirikisha pia Robert Heinlein, Alfred Bester na Robert Bloch. Wengi wangetarajia ausifu utanzu wake. Badala yake alishikilia kwamba riwaya ya bunilizi ya kisayansi imeshindwa kuwa uhakiki wa jamii wenye athari. Kwa maoni yake, riwaya hizo, hata ile ya George Orwell kuhusu mwaka 1984, zimejaa ishara zinazomrudisha msomaji ndani ya nafsi yake badala ya kumsukuma atende jambo katika jamii. Alivitia kazi zake mwenyewe katika mizani hiyo hiyo. Mihadhara hiyo ilichapishwa kitabuni mwaka 1959, yeye akiwa amekwisha kufa.

Wakati huo alikuwa akiugua shinikizo la damu. Madaktari walimwamuru aache sigara, chumvi na kazi nzito. Pohl anasimulia kwamba dawa alizopewa zilimpumbaza hata asiweze kuandika, ndipo akaziacha. Kwa mtu aliyeilisha familia kwa kalamu, hilo halikuwa chaguo jepesi. Asubuhi ya tarehe 21 Machi 1958 alikuwa na miadi jijini New York kuhusu kazi ya uhariri katika The Magazine of Fantasy and Science Fiction. Theluji nyingi ilikuwa imeanguka. Aliizoa kutoka njia ya gari nyumbani kwake Levittown, akachelewa, akakimbilia treni. Moyo ulimsimama kituoni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Aliacha miswada ambayo haikukamilika, na Pohl akaendelea kuishughulikia kwa miaka mingi. Mmojawapo ulikuwa The Meeting, uliochapishwa mwaka 1972 na kushinda tuzo ya Hugo mwaka 1973, miaka kumi na mitano baada ya kifo chake. Unahusu mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anayehudhuria mkutano wa shule, kisha anatakiwa kuamua kama atakubali mwili wa mwanawe upewe ubongo wa mtoto mwingine. Hatuwezi kutenganisha kwa uhakika mkono wa Kornbluth na wa Pohl katika kazi hii. Lakini tofauti na The Marching Morons, hapa mwenye akili dhaifu si umati wa kuchekwa. Ni mtoto mwenye jina, na mzazi wake hana jibu.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kornbluth hakuzaliwa mhakiki wa jamii. Alifanywa hivyo na chama kilichomlazimisha abishane, na wahariri wa rika lake waliomwamini kabla hajastahili. Vita na chumba cha habari vikayapa mabishano hayo uzito. Vyama vyetu vya Kiswahili vyuoni visijidharau basi kwa kuwa majarida yao husomwa na wachache. Wakati mwingine hao wachache ndio watakaokuwa waandishi wenza na wahariri wa kesho.

Aidha, tumeona kwamba ukali wa lugha pekee hautoshi. Anayeandika tashtiti ana wajibu wa kujiuliza anamcheka nani, na kwa niaba ya nani. Kornbluth alijiuliza swali linalokaribiana na hilo hadharani mwaka 1957, akajihukumu bila kujipendelea. Ni watunzi wachache wa umri wake waliothubutu kufanya hivyo, na hiyo ni sababu tosha ya kuzisoma kazi zake kwa jicho pevu, zile zilizofaulu na zile zilizoteleza.